Muulize Somo: Watoto wameugeuza ugomvi wetu mchezo

Somo, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kuze, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nyumba ni ya marehemu baba mkwe. Chini anakaa mama mkwe pamoja na wifi yangu, aliyerudi kwao baada ya talaka na mwanawe mmoja wa kiume, sasa yuko gredi ya kwanza. Juu tunakaa mimi, mume wangu na wanetu, binti wa miaka mitano anayesoma PP2 na mdogo wake anayetambaa. Ngazi ni moja, mlango wa nje ni mmoja, mita ya stima ni moja, na tangi la maji ni hilo hilo moja liko darini. Nyumba zetu wazijua, mtu akipiga chafya chini, wa juu ndiye anayemwombea rehema.

Mimi na wifi hatusemezani tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi. Chanzo ni maji. Mfereji ulikuwa umekauka siku kadhaa kabla ya Idi, tukanunua maji ya boza tukajaza tangi, tukasema hayo ndiyo ya sikukuu. Asubuhi ya Idi nafungua mfereji nioshe mchele, hamna hata tone. Kumbe wifi usiku kucha alikuwa akifua mapazia. Nilishuka nikamuuliza kwa wema. Mashangazi kutoka Kisauni walikuwa washaingia, wamekaa ukumbini na mahamri yao mkononi. Mbele yao wifi akaniambia: "Wewe umeolewa hapa, hukuzaliwa hapa. Tangi ni la babangu." Nami nikamjibu. Basi, mambo yakaishia hapo, na mazungumzo yakaishia hapo pia.

Tangu siku hiyo tukikutana ngazini kila mtu na ukuta wake. Chakula cha juu hakishuki, cha chini hakipandi. Mama mkwe nikitaka kumsalimu nasubiri wifi atoke. Mume wangu nikimwambia, hunijibu "mambo ya wanawake hayo", akavaa viatu akaenda zake barazani.

Watoto ndio hawakukatazika. Mwanawe na binti yangu walikuwa kitu kimoja kabla ya hapo na wakaendelea kuwa kitu kimoja. Chuoni, kusoma Kurani, wanakwenda pamoja, wanarudi pamoja, wanacheza ngazini kwa sababu huko ndiko katikati.

Sasa nisikilize yaliyonipata. Juzi nilikuwa napanda darini na beseni la nguo za kuanika, nikasikia vicheko chini, nikasimama penye kona ya ngazi niangalie. Mtoto wa wifi kajitanda leso yangu mpaka kwenye nyusi. Binti yangu kajitanda ya kwake, inaburura. Mmoja anapanda, mwenziwe anashuka. Wakifika katikati kila mmoja anageukia ukuta, anavuta leso, anabetua mdomo, anafyoza, kisha anapita. Wakifika mwisho wanaanguka kwa kicheko, wanaanza upya. Mara binti yangu akasema, "Sasa wewe uwe mamangu, mimi niwe mamako." Wakabadilishana.

Yule mvulana, aliponiigiza mimi, alipanda mpaka juu, akafunga mlango wa hewani kwa kishindo, pa! Kisha akaufungua kidogo, akachungulia kwa jicho moja kama mwenziwe ameshapita. Hilo la kuchungulia, Somo, sikujua kama kuna kiumbe anayelijua. Na binti yangu, alipokuwa shangaziye, alishuka mpaka kipandio cha mwisho akakaa, akashika tama, kimya. Halafu akainuka akapiga makofi: "Haya basi, tumepatana." Wakaanza kuulizana nani ana shilingi za mabuyu.

Nilishuka mbio, beseni nikaliacha pale pale. Mtoto wa wifi akakimbia na leso yangu. Binti yangu nilimpiga kofi la mgongo, nikamwambia asithubutu tena kuwafanyia maskhara wakubwa zake. Alilia mpaka akapata kwikwi. Jioni, nikiwa namsuka, ndipo akaniuliza: "Mama, sisi wetu ulikwisha. Wenu utaisha lini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia akae vizuri nisimvute nywele.

Nyumba yetu haina siri, na habari ilimfikia mama mkwe. Yeye anasema watoto watenganishwe, kila mmoja akae na mamake, maana washaanza umbea wangali wadogo, na samaki hukunjwa angali mbichi. Shoga yangu naye anasema watoto ni malaika, nijifunze kwao, nishuke nikamwombe wifi radhi. Mimi nikamwambia, mtoto wa miaka mitano, niliyemzaa kwa tumbo langu, ndiye wa kunifunza mimi? Tena nikishuka mimi, si ndiyo nitakuwa nimekubali kwamba hapa si kwangu?

Mfungo Sita huo waja. Kila mwaka maulidi ya ukoo husomwa kwetu, na pilau hupikwa uani, sufuria moja, sote tukiwa tumekaa kwenye vibao. Sijui nitakaa upande gani. Nishauri.

Mama wa Orofani, Kuze

*

Aleikum salaam, mwanangu.

Nianze na kofi, kwa sababu ndilo la haraka kulimaliza na usilikawize. Kamwite binti yako, kaa chini mlingane kimo, umwambie: "Nilikupiga kwa sababu niliona haya. Wewe hukufanya kosa. Nisamehe." Maneno hayo yanatosha. Usimnunulie aiskrimu, usimlazimishe akwambie amekusamehe, na usiongeze "lakini na wewe…". Hiyo "lakini" huirudisha radhi yote mfukoni mwako. Unaogopa heshima yako? Mtoto anayeombwa radhi na mamake hajifunzi kumdharau, anajifunza namna ya kuomba radhi, na kwa hali ya nyumba yenu ilivyo sasa sioni mahali pengine atakapojifunzia. Na kwa kuwa wako watakaokwambia kofi la mzazi si kitu, Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 53, imempa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili wa kila aina. Haikumtoa mzazi.

Nimesema hakufanya kosa, na sisemi hivyo kwa kumdekeza. Umeyaita maskhara. Maskhara ni ya mtu anayejua kuna kitu cha kuchekwa. Mtoto wa miaka mitano hucheza anachokiona: akienda hospitali, kesho anampa dawa mwanasesere, akienda harusini, kesho ni bi harusi. Amekuoneni mkipitana ngazini miezi yote hii, naye akakucheza. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walimweka mtoto mdogo chumbani pamoja na mtu mzima aliyekuwa akimtwanga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa, akimpiga nyundo ya mti, akimrusha, akimsemea maneno. Baadaye mtoto akapelekwa kwenye chumba chenye mwanasesere kama yule. Watoto walioyaona yale waliyafanya vile vile, pigo kwa pigo na neno kwa neno, kuliko wenzao ambao hawakuyaona. Hakuna aliyewaambia waige. Kwa hivyo mama mkwe wako ana haki yake kwenye ile methali ya samaki, ila namuuliza ni nani anayemkunja huyu samaki, na anamkunja kuelekea wapi.

Sasa shoga yako na malaika wake. Hapo mimi na yeye tunaachana njia. Watoto hawasamehi kwa utukufu. Wanaumana kwa ajili ya kijiko, wanapigana kwa kipande cha kashata, na dakika haijapita wako pamoja tena, si kwa sababu wamepima wakaona msamaha ni bora, bali kwa sababu mwenziwe ndiye mwenye mpira. Hawalipi stima, hawanunui boza, na hakuna aliyewaambia mbele ya mashangazi kwamba hawakuzaliwa hapa. Ukiwachukua kama mawalii utaumia bure, utajiona mwovu kwa kuwa jeraha lako halikupona kwa muda wa mchezo mmoja. Lile neno ulilotupiwa ni neno zito. Mtu mzima anaruhusiwa kuumwa nalo siku nyingi.

Lakini kipo kitu walichokuonyesha wale wawili, nami nimeisoma barua yako mara nyingi kwa ajili yake. Walicheza kila kitu isipokuwa sababu. Leso wanaijua, ukuta wanaujua, kufyoza wanakujua, mlango na kishindo chake wanaujua. Tangi halimo kwenye mchezo wao. Mapazia hayamo. Wala yule binti hakusema hata mara moja "umeolewa hapa." Hawakuisahau sababu, hawakuiona, kwa sababu haionekani tena. Ugomvi wenu, kwa anayeuangalia kutoka kipandio cha tatu, umebaki shingo na leso. Na wewe mwenyewe hebu jiulize, asubuhi ukikutana na wifi unamgeuzia uso kwa ajili ya maji ya Idi, au kwa sababu jana ulimgeuzia? Nadhani ni hiyo ya pili, naye pia ni hivyo hivyo. Mmeshaingia kwenye zamu.

Na wamekuonyesha mengine mawili ambayo mtu mzima asingeweza kukwambia bila ya kugombana nawe. Huyo mvulana amekuona ukichungulia. Basi chini wanajua kwamba yule wa juu anayefunga mlango kwa kishindo husimama nyuma ya mlango huo huo akitega. Hilo lisikutie haya sana, maana aliyemaliza na mtu hachungulii. Na binti yako ameuona usoni mwa shangaziye ule unyonge ambao wewe hujauona, kwa kuwa wewe wakati huo uko nyuma ya mlango. Wifi yako akishakupita hukaa kipandio cha mwisho akashika tama. Hakuna mtoto wa miaka mitano anayelibuni hilo kichwani. Ameliona, tena si mara moja.

Sasa na mimi nikuulize swali langu. Neno la wifi umeniandikia lote, herufi kwa herufi, hata "la babangu" umelitia. La kwako umeliandika "nami nikamjibu". Ulimjibu nini? Yeye ni mwanamke aliyerudi kwao na talaka na mtoto mkononi. Mtu wa hali hiyo yako maneno ya kumjibu yanayoweza kumkalisha kipandioni miezi mitano. Sikutuhumu, sikuwapo. Lakini kabla hujashuka, likumbuke neno lako kama unavyolikumbuka lake, kwa urefu ule ule.

Nami naona pale "tangi ni la babangu" hakuwa akisema habari za tangi. Mtu aliyetoka kwa mume akarudi nyumba ya babake, akamkuta juu mke wa nduguye amejaa na watoto na sufuria zake, hulala akiwaza siku atakayoambiwa hapa pamebana. Ndipo huanza kuhesabu vya babake kwa sauti. Wala hakukosea hesabu: kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mtoto wa kike ana fungu lake, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na nyumba ya marehemu ni ya kugawanywa hata kama bado hamjaigawa. Nawe uko hapo kwa haki ya mumeo, mwenye fungu naye. Hakuna mgeni katika nyumba hiyo. Alilokosea ni kukuambia hivyo, tena mbele ya watu, na hilo lazima aambiwe.

Uliuliza kama kushuka kwako ni kukubali kwamba si kwenu. Mwanangu, mgeni ndiye anayesubiri aitwe. Mwenye nyumba huteremka ngazi zake wakati anaotaka. Na kwa kuwa Mfungo Sita mtamsomea Mtume maulidi, kumbuka na aliyoyasema kuhusu ngazi yenu. Iko hadithi sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya masiku matatu, wakakutana, huyu akageuka na huyu akageuka. Na mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Isome tena hiyo ya "huyu akageuka na huyu akageuka", kisha uniambie wanao walikuwa wakicheza nini. Wewe umeniuliza nani atakuwa duni akianza. Jibu limeshatolewa zamani, tena ni kinyume cha unavyoogopa.

Namna ya kuanza ni hii, na usiipambe. Kesho mkikutana ngazini usigeuke. Sema "Wifi, salaam aleikum", kwa sauti ya kawaida, upite. Usisimame kungojea jibu. Akijibu, vyema, akifyoza, umeshasikia kufyoza kwake zaidi ya huko. Kesho kutwa vile vile. Ukiona bega limelegea, chukua sahani ya chochote ulichopika, hata viazi vya karai, uipeleke mwenyewe. Nimesema mwenyewe. Usimpe mtoto aipeleke, nitakwambia kwa nini. Sahani kwetu hairudi tupu, na akiirudisha na kitu ndani atakuwa amekujibu bila ya kufungua mdomo.

Baada ya hapo ndipo mtakaa, nyinyi wawili peke yenu, mama mkwe akiwa amelala au ametoka. Wewe anza na lako: "Siku ile nilikujibu hivi na hivi, sikufanya vizuri." Ukishalitoa hilo, mwambie: "Na wewe lile neno la kuwa nimeolewa hapa liliniuma, linaniuma mpaka leo." Halafu nyamaza umwachie. Msirudi kwenye mapazia. Mkianza na mapazia mtafika kwenye sabuni, na kutoka kwenye sabuni mtafika kwenye harusi yako na nani hakuletewa zawadi.

Maji ni jambo la mumeo. Aliyesema "mambo ya wanawake" apewe hilo, maana pampu na mita si mambo ya wanawake. Mji huu una kiu ya miaka mingi. Tunaletewa maji ya chemchemi za Mzima kutoka Tsavo kwa bomba la tangu miaka ya 1950, kilomita zaidi ya 200, na bado mtu anafungua mfereji unamtolea upepo. Nyumba yenye tangi moja na familia mbili haiwezi kukaa kwa kudhaniana. Aweke tangi dogo la pili la chini, au kama mkono haufiki, apange siku za kufua, na gharama ya boza igawanywe wazi, ijulikane nani ametoa nini. Tokeni za stima vile vile. Ayaseme hayo yeye kwa dada yake, si wewe. Yakitoka kinywani mwako yatasikika kama madai ya mke. Yakitoka kwake ni ndugu wawili wanapanga nyumba ya baba yao.

Nimekwambia mtoto asipeleke sahani. Sababu ni kwamba nakuona ushafika karibu na kosa jingine, la kumfanya binti yako mpatanishi. Ameuliza swali moja la busara, na sasa nyumba nzima inamzungumza, mmoja ataka atengwe, mwingine amemfanya malaika. Akianza kubeba sahani na salamu, ataanza na kuangalia nyuso. Atapanda akwambie shangazi alikunja uso, atashuka amwambie shangazi mama alivuta pumzi. Hapo ndipo umbea anaouogopa mama mkwe utakapozaliwa kweli, na mtakuwa mmemfunza nyinyi. Hata mkipatana, usimwambie "wewe ndiye uliyetupatanisha". Siku mtakapogombana tena, maana watu wa ngazi moja hugombana, atadhani ni kazi yake na ameshindwa. Wala kisa hiki usikihadithie siku ya maulidi mbele ya wageni, hata kikiwa kimeshakuwa cha kuchekesha. Yule mvulana aliyejitanda leso hatakusamehe.

Swali lake hata hivyo lijibu, kwa sababu aliuliza kwa dhati ukamjibu kuhusu nywele. Mwambie: "Mimi na shangazi tuligombana, haukuwa mchezo, na ni kazi yetu wakubwa kuumaliza. Naanza kuumaliza." Kama hujaanza, usimwambie umeanza. Atakuangalia kesho ngazini.

Na ukinisoma vibaya utadhani nimesema mtoto hana la kumfunza mzazi. Analo, tena jingi, ila hafunzi kwa kutaka kufunza. Yeye anaishi tu mbele yako, anakuigiza, na kazi ya kuelewa ni yako wewe mwenye akili ya utu uzima. Wapo wazazi wanaojua kutoka kwa mtoto wao kwamba sauti yao imekuwa kali, kwa kumsikia anavyomfokea paka. Yupo anayejua kwamba simu imemchukua, kwa kumwona mwanawe ameshika kandambili sikioni akimwambia mwanasesere "subiri kwanza, subiri kwanza". Wewe umepewa ngazi. Binti yako hakukupa kwa kutaka kuwa mwalimu wako. Umemkuta akiwa anacheza, na mchezo wake mwachie.

Kwa hivyo watoto wasitenganishwe. Hilo la mama mkwe ni la kukataliwa kwa adabu, na nisingependa ulikatae wewe, kwa vile mambo yalivyo. Mwachie mumeo. Aende kwa mamake baada ya isha, amwamkie, akae chini karibu yake, amwambie kwamba wale watoto wawili ni damu moja, kwamba wanakwenda chuoni wakishikana mikono kuvuka barabara, na kwamba yeye kama baba hakubali mmoja aende peke yake. Mama mkwe atanuna kidogo. Mwanawe akishamwambia hivyo kwa upole, atamuuliza kama amekula.

Somo